Fimbo Haikumtoa Tomi Ukali, Imemtoa Sauti

SWALI: Assalamu alaykum daktari. Sisi tuko Wete, Pemba. Tunaye mbwa dume wa kienyeji, jina lake Tomi, umri wake kama miaka miwili. Bwana wangu alipewa na msasi mmoja akiwa kitoto, atulindie kuku wasiliwe na ngawa, na karafuu msimu ukifika. Mchana tunamfunga mnyororo nyuma ya nyumba, usiku tunamfungulia. Tangu mfungo uishe amekuwa ananguruma mtu akipita karibu naye anapokula. Bwana akamtia adabu kwa fimbo ya mpera, akanyamaza kama wiki mbili, tukashukuru. Siku nne nyuma mtoto wa wifi yangu, wa miaka tisa, aliinama kuokota ndara yake karibu na sufuria ya mbwa. Hakunguruma wala hakubweka, alimdaka mkono papo hapo. Pametoka mkwaruzo na damu kidogo, tumempaka manjano na pamekauka. Juu ya hayo anachana kanga zilizoanikwa, na alfajiri anawabwekea watu wanaokwenda msikitini mpaka majirani wamechoka. Mama mkwe anataka aondoshwe. Mimi namwonea huruma. Nifanye nini?

JIBU: Waalaykumu salaam dada yangu. Nitakujibu yote, lakini Tomi atangoja. Kwanza mkono wa mtoto.

Barua yako ina maelezo mazuri, ila hukuniambia kama mtoto amepelekwa hospitali, na hukuniambia kama mbwa amechanjwa. Meno ya mbwa yakishachubua ngozi na damu ikatoka, hata tone moja, hilo si jambo la manjano. Manjano yanakausha juu. Virusi vya kichaa cha mbwa vinaingia kwenye mishipa ya fahamu na kupanda polepole kwenda kwenye ubongo, wiki kadhaa hata miezi, na muda wote huo mtoto anacheza na kwenda skuli kama kawaida. Siku dalili zikitokea tiba hakuna tena. Kabla ya hapo kinga ipo, na inafanya kazi. Kwa hiyo mpelekeni hospitali ya Wete leo, na msijiambie kuwa siku nne zimeshapita basi yamekwisha. Mwelezeni daktari kila kitu kama ulivyonieleza mimi. Akianzishiwa sindano, kila tarehe atakayoandikiwa aende, hata kama mkono umepona na mtoto analia hataki.

Siku nyingine mtu yeyote akichubuliwa na mbwa, kabla ya dawa yoyote ya nyumbani ni maji yanayomiminika na sabuni, dakika 15 kwa kutazama saa. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani ukiwa umemshika mtoto anayelia bombani. Msikatishe. Kisha hospitali.

Pemba tunaijua habari hii. Kwa kuchanja mbwa shehia kwa shehia ugonjwa uliondoka kisiwani mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi kutoka nje, watu waking'atwa, na ikabidi kuchanja upya kwa nguvu mpaka ukakatika tena mwaka 2018. Tumezungukwa na maji, lakini mbwa naye hupanda chombo akavuka.

Ndiyo maana Tomi asiuawe sasa. Mbwa aliyeng'ata huangaliwa siku 10, amefungwa pahala peke yake, anapewa chakula na maji bila kushikwa. Kwenu zimebaki sita. Akiwa mzima mpaka mwisho wa siku hizo, mtakuwa mmejua kwamba siku ile aling'ata hakuwa na virusi kwenye mate yake, na daktari wa hospitali ataitumia habari hiyo. Akiuawa au akitoroka, mnabaki gizani. Mkiona sauti imebadilika, taya linaning'inia, mate yanachuruzika, anapepesuka au anang'ata vijiti na mawe, asisogelewe na mtu. Mwiteni afisa mifugo wa wilaya na mumwarifu sheha. Na hata akiwa mzima, siku zikitimia achanjwe. Chanjo huanza mbwa akiwa na miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka.

Sasa tuje kwa Tomi mwenyewe.

Mnasema alinguruma, akapigwa, akanyamaza, kisha siku moja "papo hapo" akang'ata. Nakuomba uyatazame hayo mambo manne kwa mpangilio wake, kwa sababu jibu lote limo humo. Kunguruma ni maneno. Mbwa anayenguruma anasema: nina wasiwasi, usinikaribie zaidi, sitaki kukung'ata. Bwana wako alipoinua fimbo hakuugusa wasiwasi. Wasiwasi ulibaki vilevile, pengine ukazidi, maana sasa mtu anayekaribia sufuria anakuja pamoja na maumivu. Kilichopotea ni yale maneno. Tomi amejifunza kuwa kusema kunaleta kipigo, basi amenyamaza, na hofu aliyokuwa akiitoa kwa sauti sasa inatokea kwenye meno. Simlaumu bwana wako. Wengi wetu tumelelewa hivyo kuhusu mbwa, na zile wiki mbili za kimya zingemdanganya mtu yeyote. Lakini fimbo ile iwekwe, na isirudi.

Hata hilo la "papo hapo" si kweli kabisa. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja upande wa Mwera, Unguja, kwa mbwa wanayesema anang'ata bila onyo. Nikaomba alishwe mbele yangu. Nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, hatua kama sita, wakamwekea ukoko na mchuzi wa samaki. Alikuwa anakula kwa kelele, mkia unacheza. Mtoto wa kike akatokea jikoni na ndoo akapita nyuma yake. Mbwa hakutoa sauti. Lakini taya lilisimama. Punje za wali zilibaki zimening'inia mdomoni, hazimezwi. Mkia uliganda umenyooka, shingo ikashuka juu ya sufuria, na pembeni mwa jicho pakaonekana weupe mwembamba kama mwezi mchanga. Pumzi tatu hivi. Mtoto akapita, taya likaanza tena. Mwenye nyumba akaniambia, "Unaona, leo hana neno." Nami nilikuwa nimemsikia akisema muda wote ule.

Tomi bila shaka alifanya hivyo siku ile ya ndara. Mtoto wa miaka tisa hawezi kuyaona hayo, na wala si kazi yake. Ni kazi yenu watu wazima, na mkishayajua mtayaona kila siku: kuacha kutafuna ghafla, mwili kukakamaa, kuficha sufuria kwa kifua, kula mbio mbio mtu akitokea, kujilamba midomo pasipo chakula, weupe wa jicho.

Kwa nini imeanza baada ya mfungo? Sikuwepo, lakini umenipa fununu. Mwezi ule jiko lote huhama. Mchana hakupikwi, mbwa hungoja futari ishe, na kinachobaki kikapungua au kikachelewa. Watoto wanakesha uani. Ikaja Idi, wageni, watoto wa ndugu, miguu mingi kuliko ua ulivyozoea. Na kuku! Tazama vizuri wakati wa kula kwake: nadhani utawakuta wanamdonolea wali ndani ya sufuria na yeye amefungwa hawezi kuihamisha. Mbwa mwenye njaa, aliyefungwa mfupi, anayeibiwa na kuku na kurukwa na watoto, anajifunza kwamba sufuria hupiganiwa. Hakuwa mkorofi kwa tabia. Amefundishwa na hali.

Pia maumivu humgeuza mbwa. Afisa mifugo akija kuchanja mwombe amtazame masikio, maana kupe hujazana ndani yake, na meno, na kati ya vidole. Usimtie wewe mkono mdomoni.

La kuanza nalo ni pahala, na hili halingoji zile siku 10. Sufuria ya Tomi iondoke kwenye njia ya watu. Alishwe kwenye pembe ya ua ambako hakuna sababu ya mtu kupita, kuku wawe wameshafungiwa au wamezuiwa kwa wavu, na watoto wawe ndani mpaka amalize. Chakula kile kile mnachompa kigawanywe mara mbili, asubuhi na jioni, kwa saa zisizobadilika. Mbwa anayejua jioni itakuja hailindi asubuhi kwa roho yake yote. Ukoko na dagaa ni sawa. Vitunguu vitolewe kwa kuwa vinamdhuru damu, na mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe, hupasuka kama vibanzi ikamchoma tumbo. Maji yawepo kutwa kwenye chombo kizito asichokipindua.

Mnyororo nao. Mbwa aliyefungwa kwenye mti mmoja kutwa hana njia ya kumkimbia mtu anayemtia hofu, na asiyeweza kukimbia hupigana. Tafuteni waya mgumu, muufunge kutoka mnazi hadi mnazi kwa urefu wa kichwa cha mtu, hatua kumi au zaidi, waya muutie pete, na kwenye pete mfunge kamba au mnyororo mwepesi. Pete inateleza naye anatembea. Kivuli kiwepo upande mmoja na kibanda chake cha makuti kilichoinuliwa kidogo, masika maji yasimwingilie. Gharama yake ni ndogo, na nimeona mbwa waliotulia nusu kwa waya huo peke yake.

Siku 10 zikipita salama na akiwa ameshachanjwa, anza mafunzo. Fanya wewe, kwa kuwa wewe ndiye unayemlisha na hujampiga. Chemsha utumbo wa kuku au ini kidogo, ukate vipande vidogo kama kucha ya kidole gumba. Mwekee Tomi chakula chake cha kawaida, ondoka. Kisha rudi ukitembea kawaida, na usimame pale ambapo bado anatafuna. Hiyo ndiyo hatua yako, ikiwa tano ni tano, ikiwa kumi ni kumi. Mrushie kipande kidondoke kando ya sufuria, geuka, nenda zako. Usimtazame machoni, usimsemeshe, usisimame kungoja shukrani. Mara nne au tano kila mlo, basi.

Unachomfundisha ni kwamba mtu akija kwenye chakula, chakula kinazidi. Siku chache baadaye utaona jambo la kupendeza: atasikia hatua zako, atainua kichwa mwili ukiwa umelegea, mkia unacheza, anakutafuta wewe badala ya kuilinda sufuria. Hapo punguza nusu hatua. Taya likisimama, umekwenda karibu mno. Rudi nyuma hatua mbili na ubaki hapo siku nzima zaidi. Usihesabu siku. Wengine wiki mbili, wengine miezi miwili. Aliyepigwa huchukua muda zaidi.

Wapo watakaokushauri umnyang'anye sufuria katikati ya kula na kumrudishia, ati ajue nani mkuu. Usifanye. Utakuwa unamthibitishia kile anachokiogopa. Sufuria iondolewe akishamaliza, umemwita mwisho mwingine wa waya kwa kipande cha ini.

Wewe ukishaweza kupita kando yake bila yeye kukakamaa, bwana wako aanze mwanzo, kule mbali, kama mgeni. Ataona uzito, kwa kuwa Tomi anaikumbuka fimbo. Avumilie. Mimi ningefurahi sana kusikia kwamba ni yeye, aliyempiga, ndiye Tomi anayemkimbilia jioni.

Na wakati wowote katika safari hii Tomi akinguruma tena, shukuruni. Ina maana sauti yake imerudi. Simama, rudi nyuma taratibu, kumbuka alikuwa wapi na wewe ulikuwa wapi, na siku ifuatayo uanzie mbali zaidi. Asipigwe, asikaripiwe.

Watoto hawamo katika mafunzo haya hata kidogo. Wao wana sheria tatu: mbwa anapokula, anapolala na anapokuwa na mfupa, hawamkaribii. Mpira au ndara ikianguka upande wake, wanamwita mkubwa. Na mawe hayarushwi, ya kwao wala ya wenzao wa njiani. Mbwa wetu wengi visiwani wanapigwa mawe tangu vitoto, na mtoto anayeinama kuokota kitu mbele ya mbwa kama huyo anafanana kabisa na mtoto anayeokota jiwe. Fikiria siku ile ya ndara kwa macho ya Tomi. Wakalishe watoto uwasimulie kile kisa wanachokisikia chuoni kwenye Kurani, cha mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Watoto huelewa haraka kwa kisa kile kuliko kwa makatazo ya kutwa.

Kanga kwenye kamba ni uchovu wa kukaa bure. Kijana wa miaka miwili wa uzao wa mbwa wa kusasia amefungwa saa kumi na mbili, kitu kinachopepea mbele yake ndio mchezo. Inueni kamba, na zile siku 10 zikipita salama mumpeleke matembezi shambani kila jioni nusu saa kwa kamba, na mara moja moja apewe mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe. Litaisha.

Alfajiri ni habari nyingine. Watu wanakuja na tochi, Tomi anabweka, watu wanapita. Kwao wao wanakwenda kusali; kwa Tomi, amewafukuza. Kila alfajiri anashinda, na mshindi harudi nyuma. Kumkemea kutoka dirishani anakuona umemsaidia kubweka. Bwana wako akiamka kwa sala amwite kabla ya adhana, amfunge kwenye waya upande usiotazama njia, ampe sehemu ya chakula cha asubuhi hapo hapo. Zibeni upande wa njia kwa makuti yaliyosukwa asione tochi. Nendeni pia kwa majirani mkawaambie mmeanza kushughulika, maana jirani aliyeombwa radhi humvumilia mbwa wiki nne, na asiyeombwa anaweza kutega sumu.

Mtaambiwa mkamhasi. Kuhasi ni kuzuri, kutampunguzia kutoroka na kupigana kwa ajili ya majike, na nakushauri mfanye. Lakini hakutamtoa wasiwasi wa sufuria. Hilo lina dawa yake, nimeshakueleza.

Mama mkwe asikilizwe. Kwa madhehebu yetu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na mtu mzima anayeswali hawezi kuishi na wasiwasi wa jamvi lake kila siku. Mbwa wa ulinzi wa shamba na wa kusasia ameruhusiwa, lakini pahala pake ni nje. Yule mbwa wa watu wa pangoni katika Suratul Kahf alikuwa amenyoosha miguu yake kizingitini. Basi Tomi awe na sufuria yake, kata yake ya maji, na wewe uwe na ndara na kanga kuukuu za kumhudumia tu, zikae nje. Na awe na mpaka asioupita, mbali na kisima na zilipoanikwa nguo za sala. Mwoneshe mama mkwe mpaka huo uliowekwa tayari, kabla hujamwomba subira. Nadhani hasira yake kubwa ni ya mkono wa mjukuu, na ana haki.

Ikiwa mtaona hamuwezi, kwa sababu ya watoto wengi au hakuna mtu mzima wa kumwangalia anapokula, si dhambi kumtoa. Apewe mwenye shamba asiye na watoto wadogo, na aambiwe ukweli wote, pamoja na kwamba ameshang'ata. Msimpeleke kumtupa msitu wa Ngezi, atarudi mitaani na njaa na hofu zaidi, kwa watoto wa wengine. Na akija akang'ata tena kwa nguvu baada ya yote haya, mwite daktari wa mifugo mkae mzungumze waziwazi.

Jambo la mwisho ni msimu. Karafuu zikiiva nyumba yenu itajaa wachumaji wasiomjua Tomi, magunia yatapita kila upande, na usiku watoto watakaa kwenye jamvi wakichambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kwa taa. Mbwa anayejifunza upya asitiwe katika kishindo hicho. Siku za kuchuma mchana akae kwenye waya upande wa pili wa nyumba, na alishwe kabla wachumaji hawajafika na baada ya kuondoka. Usiku watoto wakiwa jamvini abaki amefungwa. Afunguliwe wakishaingia ndani na karafuu zimefunikwa. Hapo ndipo kazi yake inapoanza. Jumla una wiki kadhaa kabla ya hapo, zinatosha kufikia mahali pazuri ukianza baada ya zile siku sita.

Ila mtoto aende hospitali leo.